Rehani ya Meli Mbili

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, Aili Koskela alibaki darasani, akaunganisha madawati mawili na kutandika ramani juu yake. Ramani hiyo ilichorwa na rafiki yake, Odette Beaulieu: visiwa saba katika ziwa kubwa, kama lile linaloonekana kutoka madirishani mwa shule yao mjini Thunder Bay. Kanuni za mchezo alizitunga Aili na kuziandika katika daftari la kijani. Zilibaki wiki tano kufika maonyesho ya shule, na mchezo ulikuwa bado haujakaa sawa.

Wachezaji walikuwa wanne, Aili, Odette na wanafunzi wenzao Tadeusz na Wendell, kila mmoja na meli kumi, na mshindi ni mwenye visiwa vingi. Maadui wawili wakichoka kupigana, waliweza kupeana mikono na kufanya suluhu. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Alhamisi ya kwanza, Tadeusz Wilk alifanya suluhu na Odette. Mzunguko wa mwisho ulipofika, aligeuza meli zake zote akamnyang'anya visiwa vitatu.

"We Tadeusz! Si tumepatana?" Odette alipiga kelele.

"Tulipatana, ndiyo," Tadeusz alijibu huku akicheka. "Kanuni inayonikataza iko wapi? Nionyeshe."

Aili alipekua daftari. Haikuwepo.

Wiki iliyofuata alikuja na kanuni mpya: anayevunja suluhu atatozwa meli tatu. Tadeusz alihesabu kwa vidole. "Meli tatu, nipate visiwa vinne? Mbona rahisi! Chukueni meli zenu." Hata Wendell, mpole kuliko wote, alivunja suluhu siku hiyo, tena bila aibu, maana alishalipa.

Alhamisi ya tatu, Aili aliamua kwamba suluhu haivunjiki kabisa. Wote wakapeana mikono mzunguko wa kwanza, kisha hakukuwa na la kufanya. Wendell alitoa tofaa lake akaanza kula.

"Huu si mchezo," Tadeusz alisema. "Hii ni picha. Tuitundike ukutani twende nyumbani."

Aili alihisi uso ukimwaka. Wiki tatu za kufuta na kuandika, na bado wanamcheka! "Kosa ni la ramani," alisema. "Visiwa vimekaribiana mno." Akashika kalamu nene nyeusi na kupiga mstari katikati ya ziwa.

"Aili!" Odette alisimama. "Uliniahidi hutaigusa bila kuniuliza. Uliniahidi!"

"Ramani ni ya mchezo, na mchezo ni wangu."

Odette aliikunja ramani, akachukua koti lake na kutoka nje kwenye theluji bila hata kulifunga. Wendell alimfuata. Tadeusz alibaki mlangoni kidogo.

"Mimi navunja ahadi mchezoni tu," alisema, na leo hakuwa akicheka.

Jioni hiyo Aili alikoroga supu yake ya njegere bila kuila. Mbele yake aliketi shangazi yake, Kerttu, aliyewasemea wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Alikuwa ameshinda kutwa mezani akijadiliana na wakubwa wa kiwanda, na sauti ilikuwa imemkauka.

"Shangazi, mtu akivunja ahadi, aadhibiwe vipi?"

"Mchezoni au maishani?"

"Mchezoni," Aili alijibu upesi mno.

Shangazi alimtazama, lakini hakumchimba. "Mwaka mmoja wakubwa walitupa mkono wakaahidi kwamba hawatamwachisha mtu kazi wakati wa baridi. Januari wakawaachisha kumi na wanane. Walitozwa faini, wakalipa, wala haikuwauma. Kilichowauma kilikuja baadaye. Tulipokutana tena, mkono wao hatukuutaka. Kila neno liandikwe, litiwe sahihi, shahidi awepo. Mazungumzo ya siku mbili yakala wiki saba, na wao ndio waliokuwa na haraka."

"Na bado mnakaa nao? Waongo wale?"

"Sasa nikae na nani? Rafiki hana vita nami, Aili. Suluhu unafanya na yule usiyempenda, kwa sababu kesho mtakutana tena. Mchezo wenu ukiisha, mnakutana tena?"

"Hapana. Tunafuta kila kitu, tunaanza upya."

"Ndiyo maana wote wanavunja mwishoni."

Aili alichukua daftari akaandika: *Anayetaka kutoka kwenye suluhu atangaze mzunguko mmoja kabla. Anayevunja kwa siri, jina lake liandikwe, na lisifutwe mchezo ukiisha. Kabla hajapewa mkono tena, aweke rehani ya meli mbili. Akitimiza suluhu mbili, jina lifutwe.*

Kesho yake alimkuta Odette kwenye makabati ya wanafunzi. "Nimepata kanuni!" alianza.

"Sitaki kusikia kanuni zako."

"Nilivunja ahadi," alisema Aili. "Nikaharibu kazi yako. Nisamehe."

"Na ukikasirika tena?"

Aili alitoa daftari la kijani akamkabidhi. "Kaa nalo. Nikiigusa ramani bila ruhusa yako, lichane."

Odette alilichukua bila kutabasamu. Mstari mweusi haukufutika, ikabidi ramani ichorwe upya. Siku nne nzima Aili alipaka rangi pale tu alipoambiwa, na mara mbili aliambiwa arudie. Alitamani kulalamika, akaendelea kupaka. Siku ya nne Odette alimrudishia daftari. "Kanuni yako ya rehani nimeisoma," alisema. "Ni nzuri."

Alhamisi iliyofuata Tadeusz alivunja suluhu kama kawaida yake, akashinda. Mchezo wa pili ulipoanza, alinyoosha mkono, nao ukabaki hewani.

"Meli mbili kwanza," alisema Odette.

"Jamani! Si mimi huyu huyu, Tadeusz wenu?"

"Ndiyo maana," alisema Wendell.

Alinung'unika, akaweka meli mbili. Safari hii alishindwa, lakini alitimiza suluhu mbili, na jina lake lilipofutwa aliruka kwa furaha kuliko aliposhinda.

Siku ya maonyesho watu walipanga foleni kwenye meza yao. Shangazi Kerttu alicheza pia, akawa wa mwisho. Alipokuwa akivaa glavu zake, aliwaita Aili na Odette.

"Mmetunga vizuri," alisema. "Lakini kanuni haimfanyi mtu kuwa mkweli, inaonyesha tu nani si mkweli. Ahadi uliyompa adui ni ahadi, na uliyompa rafiki ukiwa na hasira ni ahadi vilevile. Ukiivunja, usidhani neno 'nisamehe' linamaliza kazi. Hilo linafungua mlango tu. Kuingia, unaingia kwa vitendo, siku baada ya siku, mpaka uaminiwe tena."