Sahani ya Mgeni

Kinusi kilivuta harufu ya bamia, kikatulia kama mpishi anayeonja mchuzi, kisha kikasema kwa sauti laini ya kike: "Zitaharibika kesho. Zipikwe leo." Mlango wa nyumba ukajifunga. Haungefunguka mpaka kitakachopikwa kiliwe chote.

Hivyo ndivyo Tanga ilivyoacha kutupa chakula. Kila jiko lilikuwa na kinusi, mashine inayojua kwa harufu mboga itaoza lini. Mhandisi Saumu, aliyekibuni, alikuwa amekuja kumpongeza mama yake, Bi Mashavu. Katika mji mzima, ni nyumba yake tu ambayo haikuwahi kutupa hata tonge tangu siku ya kwanza.

"Umekonda," mama alisema baadaye, akipakua wali na bamia. "Unalisha mji mzima, wewe mwenyewe huli?"

Saumu akacheka. Kisha akaiona miguu ya mama yake. Ilikuwa imevimba hata haiingii kwenye ndala.

"Mama, sukari imepanda?"

"Inapanda, inashuka. Kaa ule." Akafunua kawa juu ya sahani ya pili, uso umemchangamka. "Leo sahani ya mgeni imepata mwenyewe!"

"Bado unampikia mgeni kila siku?"

"Tangu lini nikapika bila kumhesabu mgeni?"

"Na asipokuja?"

"Hawaji. Jirani yangu Bi Hidaya alikwama humu mpaka alasiri, akaondoka amenuna. Hajarudi tena."

"Sasa sahani yake anakula nani?"

Bi Mashavu akafutafuta meza isiyo na uchafu. "Mlango si haufunguki, mwanangu."

Saumu akavuta sahani haraka, akachota. Kijiko kikawaka taa nyekundu mkononi mwake.

"Huyu si mlaji wa nyumba hii," kinusi kikasema. "Mwenye nyumba ale."

Ilikuwa kanuni ya Saumu mwenyewe. Watu walikuwa wakiwalisha mbuzi ili milango ifunguke, naye akatengeneza kijiko kinachotambua ulimi wa mwenyeji. Wageni hakuwakumbuka.

"Zimika! Mimi ndiye mtengenezaji!"

"Ni jiji pekee linaloweza kunizima." Hilo nalo lilikuwa pendekezo lake.

Mama akakichukua kijiko taratibu. "Niachie. Nimeshazoea."

"Mama, utakufa! Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukukivunja?"

"Ningekuwa nimekipiga kwa mwiko siku ya kwanza," Bi Mashavu alisema, akitabasamu kwa aibu. "Lakini ulikipa sauti yako. Hupigi simu, huji. Kikisema 'kula, mama', nilikuwa naona kama umekaa hapa."



"Malizia, mama," kinusi kikabembeleza.

"Usimalizie, mama!" Saumu akalia.

Sauti ilikuwa ileile moja. Bi Mashavu akaitazama mashine, akamtazama mwanawe, kijiko kikiwa mkononi, asijue amsikilize yupi.