Safu ya Tatu, Safu ya Thelathini na Moja

"Mkoba hauingii, dada. Ulipie euro sitini na tano, au uuache hapa," alisema mhudumu wa mlango wa kupandia ndege.

Catinca aliusukuma tena ndani ya kisanduku cha chuma cha kupimia mizigo. Uligoma. Nyuma yake abiria wa kwenda Iași, Romania, walikuwa wanaguna.

"Si nilikwambia," Iustin alisema kwa sauti ya chini. "Tiketi zetu ni za bei ya chini kabisa. Kibegi kimoja, cha chini ya kiti. Umebeba nini humo?"

"Vitu vyangu."

"Basi toa vingine uvivae. Mbona mimi nimevaa makoti mawili?"

Ilikuwa Julai, na jasho lilikuwa linamtiririka Iustin shingoni. Kwa miaka mitatu fundi bomba huyu alitoka Iași kila mwezi kuja Bologna, Italia, ambako Catinca alikuwa anamtunza bibi mmoja mgonjwa. Alinunua tiketi miezi kabla, hakuwahi kulipia kiti, hakuwahi kununua hata maji angani. Penzi lao liliishi hivyo. Safari hii, kwa mara ya kwanza, walikuwa wanarudi nyumbani pamoja, likizo ya wiki mbili.

Catinca alifungua zipu. Kitambaa cheupe kikafumuka nje.

Iustin alikitazama. "Gauni la harusi la nani hilo?"

"Langu."

"Unaolewa?"

"Nilidhani hivyo."

"Na nani?"

Mhudumu wa mlangoni aliacha kukagua tiketi.

"Na mwanamume mmoja mjinga," Catinca alisema. "Kila mwaka ananiambia tusubiri mwakani. Nikalishona mwenyewe, nikasema akiliona nyumbani kwao labda ataelewa nimechoka kusubiri. Sikupanga alione hapa."

Catinca akalivaa gauni juu ya suruali na fulana yake.

"Dada, nifunge zipu ya mgongoni."

Mhudumu akamfunga. Mkoba ukazama kisandukuni.

"Pita, bibi harusi," mhudumu akasema. "Na wewe kaka, katafute la kusema."

Ndani ya ndege wakatengana. Asiyelipia kuchagua kiti hupangiwa popote: Iustin safu ya tatu, Catinca ya thelathini na moja, jirani na choo. Kabla ya kuzima simu, Catinca alipata ujumbe wa Iustin.

"Mpenzi, nisikilize."

Akajibu: "Kama hunitaki sema tu. Nitarudi Bologna na ndege ya Jumanne."

Taa ya mikanda ilipozimika, Iustin akaja mbiombio, akipenya pembeni ya toroli la wahudumu waliokuwa wanauza manukato na tiketi za bahati nasibu. Akamwinamia mama mnene aliyekaa kando ya Catinca.

"Mama, naomba tubadilishane viti. Changu kiko mbele."

"Hiki nimekilipia, mwanangu. Sihami."

"Basi nitasema mbele yako."

"Sema. Hata gazeti sina."

Iustin akachuchumaa njiani.

"Catinca, kuna nyumba ninajenga, bado haina paa. Nikikuoa leo nakupeleka kwa mama, chumba kimoja, friji iko koridoni. Nilitaka nikukabidhi funguo kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na siku mbili tu na wewe kila mwezi. Nilitaka tucheke."

Catinca aliinama akalinyoosha gauni magotini. Aliponyanyua uso, macho yalikuwa yamelowa.

"Miaka mitatu nalala kwenye nyumba ya watu, nasikiliza kama bibi bado anapumua. Unadhani nitaogopa friji ya koridoni? Ningebeba matofali na wewe, Iustin. Hata hilo umeninyima."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa uliza."

"Niulize nini?"

Mama mnene akashusha pumzi. "Maskini. Kumbe ndiyo maana imechukua miaka mitatu."

Iustin akatua goti sakafuni. "Catinca, utanioa… yaani, utakubali nikuoe? Mwaka huu huu, bila paa."

"Mwezi gani?"

"Septemba."

"Ndiyo."

Mama mnene alikuwa ameshafungua mkanda wake. "Kiti chako kiko dirishani?"

"Ndiyo, mama."

"Nipishe nipite. Na uvue hayo makoti, unamtia mwenzio joto."

Ndoa ilifungwa Jumamosi ya pili ya Septemba. Catinca hakurudi Bologna. Yule bibi mgonjwa alipata mlezi mwingine, naye akampigia Catinca simu kumbariki, akilia. Oktoba nzima bibi harusi alishinda juu ya ngazi akimpitishia mumewe misumari, mama mkwe akiwa chini anawafokea washuke waje kula. Theluji ya kwanza ilipoanguka Iași, iliwakuta wamelala kwao, chini ya bati jipya, na hakuna hata tone lililopenya.