Kompyuta Tupu ya Profesa

Duka la kompyuta lilikuwa limefurika kama zahanati siku ya Jumatatu. Wanafunzi walisukumana mbele ya rafu za spika, mama mmoja aligombana na printa iliyomtemea karatasi nyeupe, na katikati ya zogo lote hilo, nyuma ya kaunta ya kioo, alisimama binti mwenye blauzi ya zambarau iliyopigwa pasi ikatii, nywele kazibana kisogoni, na doa dogo jeusi juu ya mdomo. Wenzake walimwita Kidoti.

Mwanamume aliyefika mbele yake alikuwa kinyozi, mtanashati hasa: shati jeupe, viatu vinang'aa, ndevu zimechongwa kwa mstari. Wateja wa saluni yake walikuwa wamembatiza Profesa, kwa kuwa hapakuwa na jambo lililomshinda kujibu. Ukimuuliza mpira atakujibu, ukimuuliza siasa atakujibu, na presha ya mama mkwe wako pia ataitolea maelezo. Tangu apewe jina hilo, neno "sijui" halikuwahi kumtoka kinywani. Sifa nazo zikishakupanda kichwani, kuzishusha ni kazi.

"Nataka kompyuta mpya ya saluni," alisema. "Niwaonyeshe wateja mitindo, niwapigie na muziki."

"Chukua hii, haitakuangusha. Sasa nikuulize, kaka: unataka yenye mfumo wake wa kuiendesha tayari, au tupu?"

Profesa hakuwahi kusikia kwamba kompyuta mpya yaweza kuwa tupu. Akakohoa kidogo. "Tofauti yake?"

"Tupu ni nafuu, maana hulipii mfumo. Ila itabidi ujiwekee mwenyewe, ile mifumo ya bure ya mtandaoni. Watu wengi wanaogopa."

Alipotabasamu, kile kidoti kilipanda juu kidogo, na akili ya Profesa ikapanda nacho.

"Kuogopa nini? Nipe tupu. Nitaweka mwenyewe."

"Ee! Kumbe uko vizuri. Mimi kuuza najua, lakini kuweka mfumo sijui kabisa. Hapa ni kazi ya fundi."

"Nitakufundisha."

"Unafundisha wateja wote wa kike, au ni mimi tu nimebahatika?"

"Nipe namba yako, jibu nitakupa kwa simu."

Foleni nzima ikaguna. Profesa akatoka na boksi begani na namba ya simu mfukoni, anatembea kwa maringo kama bwana harusi.

Chumbani kwake aliiwasha. Kioo kikabaki cheusi, mistari miwili ya maandishi meupe juu kabisa, na chini yake kijistari kinachopepesa. Akabonyeza kitufe hiki, akabonyeza kile. Kijistari kiliendelea kupepesa. Akafunika, akaiwasha tena. Ni yaleyale.

Simu ikaita. "Vipi, umeshaweka?"

"Zamani! Inakwenda kama maji."

"Wewe hatari. Profesa wangu."

Simu ilipokatika, akalirudia lile "wangu" mwenyewe kwa sauti. Kompyuta ikahamishiwa saluni, chini ya rafu, ikafunikwa mataulo, na mapenzi yakashika moto juu ya uongo ule mmoja. Walipigiana simu asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Profesa akimwita laazizi, Kidoti anamwita mwalimu. Mara kwa mara Kidoti aliuliza, "Lini utanionyesha kompyuta yako?" na kila mara Profesa alikuwa na jibu.

Jumamosi moja walikutana bustanini. Kidoti alivaa gauni la njano na alikuwa na begi mkononi. Ndani yake mlikuwa na kompyuta yake mwenyewe.

"Imechoka, mpenzi. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi. Fundi wetu yuko likizo. Niwekee mfumo kama huo wako wa bure. Lakini angalia, humo mna picha zote za harusi ya dada. Nilipiga mwenyewe na sijaziweka mahali pengine. Bi harusi ananisubiri kwa hamu."

Hapo ndipo pa kusema kweli. Profesa aliliona hilo waziwazi, mchana kweupe, na akafungua mdomo. Neno likafika kwenye ulimi, likageuka, likarudi lilikotoka.

"Ondoa shaka, laazizi," alisema. "Picha zitakaa palepale zilipo."

Kesho yake mchana, saluni imefungwa, aliiweka kompyuta kwenye kiti cha kunyolea, akaegemeza simu kwenye chupa ya spiriti na kufuata video ya kijana aliyesema haraka kama anadaiwa. Mambo yakaenda. Kisha kompyuta ikauliza swali refu, na ndani yake akaliona neno "futa". Akawaza: kufuta mfumo wa zamani, si ndicho nilichoombwa? Akabonyeza ndiyo.

Ulipotokea uso mpya, wa buluu, safi, mwepesi, alipiga makofi peke yake. Ndipo akaenda kutafuta picha. Akafungua hapa, hakuna. Akafungua pale, hakuna. Kijana wa kwenye video, aliporudishwa nyuma, alisikika akisema kwamba kabla ya hatua hiyo lazima uhamishe vitu vyako vyote, kwa sababu diski nzima inafutwa.

Aibu ikamvaa mwili mzima. Akakaa chini, sakafuni, kwenye nywele za watu.

Kidoti alipopiga, hakupokea. Alipopiga tena, akazima simu. Kidoti akaja mwenyewe hadi saluni, na kupitia kioo cha mlango akamwona mwanamke mrefu, kitenge kimemkaa, akimfunga Profesa kifungo cha kola na kumpangusa poda shavuni. Kidoti hakuingia. Aligeuka, na baadaye Profesa alipowasha simu, akakuta ujumbe: "Nimekuona na mwenzangu. Nirudishie kompyuta yangu, mengine nakuachia Mungu."

Hapa ndipo alipojidharau hasa. Maana aliposoma, kitu cha kwanza kilichomjia si uchungu. Ni nafuu. Afadhali aitwe mhuni kuliko mjinga. Wahuni husimuliwa kwa kicheko kule saluni, lakini mjinga hana pa kuweka uso.

Yule mwanamke alikuwa dada yake mkubwa, tumbo moja. Alimkuta bado ameshika simu, akaichukua na kusoma.

"Mwenzake nani? Mimi?"

"Dada, ni habari ndefu."

"Ifupishe."

Akaifupisha. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Yaani mimi niliyekubeba mgongoni, umenifanya hawara wako kwa sababu ya kompyuta? Na ungeacha hivyohivyo?"

Profesa alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akajifunika taulo.

"Mdogo wangu, yule binti analia kwa kosa usilolifanya, na ulilolifanya halijui. Inuka."

Dukani kulikuwa na watu, kama kawaida. Kidoti alimwona, uso ukafunga. Profesa aliweka begi lenye kompyuta ya Kidoti juu ya kaunta; maneno aliyopanga njiani yote yakamruka.

"Yule uliyemwona ni dada yangu," alisema. "Na mfumo sijui kuweka. Sikujua hata siku ile. Kompyuta yangu haijawahi kufanya kazi. Na yako... nimefuta picha. Zote."

Foleni nzima ikageuza shingo. Kidoti alishika ukingo wa kaunta.

"Ungeniambia tu hujui," alisema polepole. "Mimi nilikuambia sijui. Ulinicheka?"

"Hapana."

"Basi nenda kamwambie bi harusi mwenyewe. Mimi sina mdomo wa kumwambia."

Alikwenda. Bi harusi alilia, bwana harusi akamtazama kama mtu anayepima uzito wa kiti kabla ya kukirusha. Mwisho akampa namba za wageni, kwa sababu Profesa aliomba jambo moja tu: apite kwa kila aliyehudhuria, akusanye picha za kwenye simu zao.

Na kila mlango ulikuwa na swali lilelile. "Kwani zile za mpiga picha ziko wapi?" Na kila mlango alijibu, "Nilizifuta mimi." Mjomba wa akina Kidoti alicheka mpaka akakohoa. "Na wewe ndiye unayeitwa Profesa?" Mbaya zaidi, mteja mmoja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, aligundulika kuwa msimamizi wa bwana harusi. Ikabidi Profesa akiri mlemle saluni kwake, benchi zima linasikiliza. Hakuna aliyemuuliza habari za siasa siku hiyo.

Hatimaye alirudi dukani jioni, karibu na kufunga, akaweka flashi juu ya kaunta.

"Si nzuri kama zako," alisema. "Nyingine zimetikisika. Nyingine zina vidole."

"Hukuziona zangu. Utajuaje?"

"Sitajua kamwe. Hilo nitakufa nalo."

Kidoti alichomeka flashi, akatazama picha moja moja. Wageni, keki, viatu vya watoto. Ghafla mkono wake ukasimama. Katika picha moja, iliyokaa upande, alikuwamo yeye mwenyewe: amejibanza nyuma ya nguzo, kamera imening'inia shingoni, anafuta machozi kwa mgongo wa mkono wakati dada yake akivishwa pete.

"Nani alipiga hii?"

"Bibi yako, kwa simu ya mjomba. Alisema kila mtu siku ile alimtazama bi harusi, yeye akawa anakutazama wewe."

Kidoti alikaa kwenye kiti. Katika picha zote alizopiga harusini, hakuwamo hata katika moja, na hakuna aliyewahi kuliona hilo, hata yeye. Alilia kidogo, kisha akapangusa macho vilevile, kwa mgongo wa mkono.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Bado nina hasira na wewe, tena nyingi."

"Haki yako."

Akachomoa flashi, akaifunga ndani ya leso, akaitia mkobani. Kisha akazima taa za dukani, akampa Profesa begi lake la kompyuta alibebe, na wakatoka pamoja.