Usingizi wa Bibi Mwamvua

Shamila alifunga kifuniko cha kompyuta yake ya mapajani, akaingoja ile taa ndogo yenye umbo la mwezi iwake, iwe dalili kwamba imelala. Haikuwaka. Feni iliendelea kuvuma humo ndani, na tumbo la kompyuta likazidi kupata moto, kana kwamba kuna mtu bado anaifanyia kazi.

Ilikuwa mchana, Septemba ya mwaka 2005, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao Barabara ya Saba, Dodoma mjini. Hapo ndipo Shamila alipowachapia watu barua za kuomba kazi na ripoti za chuo. Kompyuta aliletewa na baba yake mdogo, Masudi, aliyeipata Bahi kwenye mnada, baada ya mradi mmoja wa mifereji ya mpunga kufungwa. Ilikuja imejaa virusi. Shamila akafuta kila kitu, akaweka Linux, mfumo unaogawiwa bure na ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Aliupenda kwa sababu haukumficha kitu.

Alipoinua kifuniko, kioo kilikuwa cheusi. Alibonyeza huku na huku, wapi. Ndipo alipomwona bibi yake, Mwamvua, kwenye kiti cha kamba pale mlangoni, kichwa kimeangukia kifuani.

Bibi Mwamvua halali mchana. Kazi yake ni kusuka ukili na kuwasema wapita njia. Shamila alimwita, akamtikisa bega, hakuamka. Akarudi kuishikilia swichi ya kompyuta mpaka ikazimika kwa lazima, na papo hapo bibi akainua uso.

"Nani kaingiza matope humu ndani?" akauliza. "Pananuka kambale."

Nje vumbi lilikuwa likizunguka barabarani. Mvua ilikuwa bado miezi miwili.

Ikatokea tena Jumanne, ikatokea tena Alhamisi. Kompyuta ikikataa kulala, bibi hulala badala yake. Ijumaa baada ya swala, bibi akiwa amelala tena, Shamila aliishikilia swichi kama kawaida, lakini kompyuta haikuzimika. Akachomoa waya wa umeme. Akatoa na betri, akaiweka mezani. Feni ikaendelea kuvuma, kioo kikawaka chenyewe, na kwenye spika zikaanza kutoka sauti za vyura, vyura wengi wa mbugani, katika mji ambao wakati ule haukuwa na hata dimbwi la kulowesha kuku.

Masudi alikwenda kumleta Mzee Abbasi, mganga wa Kirangi kutoka Kondoa. Mzee alifukiza ubani, akasoma kwa sauti ya chini. Kisha midomo ya bibi ikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye maji.

"Nimelala kwenye tope la Bahi tangu kabla ya reli. Wakachimba mifereji, wakaniamsha. Mimi silali tena. Lakini usingizi hautupwi tu, lazima awepo wa kuubeba. Niachieni huyu ajuza, nami nitawatunzia nyumba."

Mzee Abbasi alifunga kitabu. "Binti, ukikivunja chombo kikiwa macho, bibi yako haamki. Wapo watu wanaopatana na mapepo ya namna hii."

"Tupatane naye, Shamila," Masudi alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Mama si anapumua? Angalau anapumua."

"Chombo ni changu," Shamila alisema. "Mimi ndiye ninayekilaza."

"Punguza sauti, mwanangu," Masudi alimsihi.

"Sipunguzi. Nataka asikie."

Alivuta karatasi alizochapisha siku iliyotangulia kwenye duka la intaneti, maneno ya watu wa nchi za mbali ambao kompyuta zao nazo zilikataa kulala. Mmoja alielekeza kutazama orodha ya vitu vilivyoruhusiwa kuiamsha kompyuta, kisha kuvifunga kimoja kimoja. Shamila akaketi ndani ya moshi wa ubani, akaandika amri, orodha ikatokea: majina mafupi, hakuna lililozidi herufi nne. Akafunga mstari wa kifuniko, akafunga wa kitufe, akafunga wa kadi ya mtandao, na kila alipofunga kimoja vyura walipungua. Ukabaki mstari wa mwisho, ambao haukuwa kwenye karatasi yoyote. Uliandikwa MWAM.

"Ukiufunga huo," ilisema sauti, taratibu, "na yeye anafungika."

Mzee Abbasi akasogea nyuma. Masudi akamdaka Shamila mkono, vidole vyake vikiwa baridi, na Shamila akamtazama bibi yake, maji meusi yakimchuruzika pembeni mwa mdomo na kudondokea ukili ambao haukumalizika, huku harufu ya tope ikijaa chumbani mpaka ukawa kama unavuta pumzi chini ya maji, na moyoni akajua kwamba akikosea atakuwa amemuua kwa mkono wake, na kwamba akinyamaza atamuua vilevile, ila polepole, siku baada ya siku, na watu watasema bibi amepumzika.

"Unamtumia yeye ili wewe ukae macho," alisema. "Ungekuwa huna hofu usingeniomba."

Akaandika, akabonyeza, akafunika kifuniko kwa viganja vyote viwili.

Feni ikanyamaza. Taa ya mwezi ikawaka. Kifua cha bibi nacho kikatulia, kikatulia mno, mpaka Masudi akaanza kutamka shahada. Kisha Bibi Mwamvua akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akatema tope sakafuni.

"Masudi," akasema, "kwa nini umemshika mtoto mkono hivyo?"

Mzee Abbasi aliwashauri waizike kompyuta ile. Shamila akamshukuru, akakataa. Kulikuwa na ripoti ya mwanafunzi iliyofika ukurasa wa arobaini.

Jumatatu alifungua orodha. MWAM haikuwepo. Mahali pake palikuwa na SHAM, na ilikuwa wazi.

Hakumwambia mtu. Aliufunga mstari ule, na kesho yake akaukuta umejifungua. Akaufunga tena. Mpaka mvua zinaanza alikuwa ameshazoea kuufunga kila asubuhi kabla hajagusa chai, na hajasahau hata siku moja.

"Lala," huuambia, kisha huanza kuchapa.