Mstari wa Mgeni

Harufu ya tumbaku ilianza Jumatatu, Rumilda alipomaliza tu kuufuta ule mstari.

Na pale ofisini, juu ya machinjio, hakuna aliyevuta sigara. Ng'ombe walichinjwa chini. Huku juu Rumilda aliitunza programu iliyoendesha vyumba vya baridi, milango na yote. Programu haikujiamulia kitu. Kila ikiwashwa ilisoma kwanza faili la mipangilio: baridi iwe kiasi gani, mlango umfungukie nani. Faili hilo alilirithi kwa marehemu mzee Crispín, yule aliyekuwa akiweka biri na kikombe cha pombe ya miwa nyuma ya mashine ya kompyuta kila Ijumaa. Katikati ya makorokoro yake palikuwa na mstari MGENI = YUPO, na pembeni mzee kaandika: usiguse, hapa ndipo pake. Rumilda akapekua programu nzima. Hakuna kilichousoma. Akaufuta, akaenda zake kunywa tereré, ile chai baridi ya majani.

Wilfrido, mdogo wake, mkata nyama wa chini, alicheka mpaka akapaliwa. "Dada, wewe nawe! Kitu kinafanya kazi, unakichokonoa cha nini?"

"Hakifanyi kazi yoyote. Ni uchafu."

"Haya. Mwenyewe akija kuulizia, mimi simo!"

Jumatano mlango wa chumba cha baridi ulijifunga kwenye mkono wa mpagazi mmoja. Vidole vinne vilibaki sakafuni. Rumilda alilikagua faili herufi kwa herufi, akalikuta sawasawa. Na alipoinama kuangalia nyaya, mluzi mwembamba ukalia nyuma ya mashine, karibu kabisa na sikio lake.

Kesho yake, saa ya kulala mchana, jua limesimama utosini na mji mzima umefunga madirisha, Wilfrido aliingia chumba kile kile kuchukua ubavu wa ng'ombe. Mlango ukabamizwa. Rumilda, juu ofisini, akaiamuru programu iufungue, ukagoma. Akaamuru tena, na sasa kutoka chini zikapanda kelele za kulabu za nyama zikikimbia kwenye reli bila mtu wa kuzisukuma, zikigongana, zikirudi, na kila ziliporudi Wilfrido alipiga yowe, akimwita dada yake, akimwita mama yao, huku kitu kizito kikimpigiza ukutani, kikimwachia, kikimpigiza tena, na ile harufu ya tumbaku ikajaa ofisini mpaka Rumilda akatapika juu ya meza.

Ña Deolinda, bibi muuza mitishamba wa getini, alipanda ngazi mbio, mchi bado mkononi.

"Umemfanya nini?" alinong'ona.

"Nani? Mimi nimefuta mstari tu!"

"Shh! Hatajwi jina. Sisi humwita Bwana wa Usiku tu. Crispín alimpa makao, akamlisha. Ukishaanza kumpa, mwanangu, huachi. Wewe umembomolea nyumba."

"Ndugu yangu yumo mle, Ña Deolinda! Nifanyeje?"

"Mrudishie makao yake. Upesi!"

Rumilda akatoa nakala ya zamani ya faili, akaurudisha mstari mahali pake, akaizima programu na kuiwasha upya. Kimya. Halafu chini kule mlango ukafunguka wenyewe.

Walishuka. Nyama zilikuwa zimeraruliwa, damu imetapakaa hadi darini. Wilfrido akatoka anatembea, peku, kulabu imepenya begani na kutokea mgongoni, na jeraha halikutoa hata tone. Akaichomoa taratibu, akaitupa. Akapiga mluzi mwembamba.

"Wilfrido?" Rumilda alilia. "Mdogo wangu, ni wewe?"

"Nipe biri," alisema yule ambaye hajawahi kuvuta maishani.

Rumilda alirudi juu mbio. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ulikuwepo, lakini haukuwa kama alivyouandika. Ulisema MGENI = WILFRIDO. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufutia.

"Futa," ikasema sauti ya mdogo wake mlangoni, taratibu kabisa. "Futa tena, binti, uone nani ataanguka."

Kidole kilibaki hewani. Kisha akakirudisha, akajifunika uso.

Mama yao mpaka leo anawasha mishumaa kanisani, anashukuru mwanawe alitoka mzima. Na kila Ijumaa Rumilda hununua biri, akamwashia Wilfrido kwa mkono wake, asithubutu kumtazama machoni.