Aliyekaa Sebuleni

Kwanza ilikuwa sofa. Ikhlas aliileta nyumbani kwao Mwisenge ikiwa bado na nailoni yake, akapiga marufuku mtu yeyote kuikalia, na siku chache baadaye akakuta mto wa katikati umebonyea, kana kwamba mtu mzito ndiyo kwanza ameinuka. Alipogusa, pana joto. Pananuka tope la ziwani.

Alimgombeza bintiye, Samia. Mtoto akaapa kwamba hajakaa. Ikhlas hakulifuatilia, alikuwa na haraka ya kwenda sokoni. Leo kabati, kesho zulia, keshokutwa meza ya kioo. Mumewe, Amini, fundi seremala, aliijenga sebule ile kwa mikono yake ili jioni waone ziwa dirishani. Sasa ilijaa vitu, wao wakawa wanakula koridoni. Amini alipomsihi atulie, wafurahie walichonacho, alijibu kwamba nyumba ile inamtia aibu.

Kisha nailoni ikaanza kulia mchana kweupe, taratibu, kama mtu anayejiweka vizuri kitini. Samia akakataa kupita pale.

Walimwita Shehe Muzamil kutoka Bunda. Alisoma peke yake sebuleni, akatoka amelowa jasho, akamnong'oneza Ikhlas.

"Amekuta pamekaa bure, akakaa. Toeni vitu, mkae wenyewe. Na wewe mama, tulia kwako. Ukipaacha tena, atachukua nafasi yako."

Waliuza vyote. Jioni wakawa wanakunywa chai kwenye mkeka, upepo wa ziwa ukiingia, Samia akisinzia mapajani mwa mama yake, na Ikhlas akajishangaa anavyocheka ndani ya nyumba ileile. Nailoni haikusikika tena.

Mwezi haukuisha. Aliaga anakwenda kununua dagaa, miguu ikampeleka kwenye mapazia, kutoka kwenye mapazia ikampeleka kwenye vikombe, na jua lilipokuwa linazama akarudi na mifuko mikono yote miwili, akasikia kicheko chake mwenyewe kikitokea ndani, akachungulia dirishani, akaona mwanamke mwenye sura yake na kitenge chake amekaa kwenye mkeka anamsuka Samia, na Amini anammiminia chai, na harufu ya tope imejaa chumba kizima, wala hakuna aliyekunja pua.

"Amini," aliita kwa sauti ndogo.

Amini alikuja mlangoni, akamtazama kwa adabu.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Ni mimi. Ikhlas."

"Ikhlas yuko ndani, anamsuka mtoto. Jioni huwa anakaaga na sisi."

Yule wa ndani akainua uso, akatabasamu.

"Samia, mpelekee mama wa watu maji. Amechoka na mizigo."

Samia aliyaleta, akaweka kikombe chini, mbali kidogo, akakimbia kurudi mapajani mwa yule mwanamke. Ikhlas alimwita kwa jina la utani alilompa akiwa mchanga. Mtoto akaficha uso.

Amini akasubiri amalize maji, akapokea kikombe, akamwonyesha zinakopaki bodaboda. Kisha akafunga mlango.