Mpangaji wa Chumba cha Seva

Kompyuta za ofisi ile zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Mama Waya, fundi wake wa mitambo, alikuwa amezihesabu mwenyewe, ghorofa kwa ghorofa, meza kwa meza, karatasi mkononi. Lakini kanzidata, ambayo kazi yake ni kujua kila mashine iliyomo jengoni na kila mtu mwenye ruhusa ya kufungua mlango, ilitoa mia nne na kumi na tatu.

Ile ya ziada haikuwa na jina wala mtumiaji. Mahali ilipo paliandikwa neno moja: chini.

"Si uifute?" alisema Shemeji kwenye simu.

"Nimefuta mara tatu. Inarudi."

"Basi ihamishe ilivyo, tutaisafisha huku."

Shemeji alikuwa mdogo wa mumewe. Alifanya kazi mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa gari, katika jengo la kutunzia seva, na huko ndiko kanzidata ilikokuwa ikihamia. Seva ya zamani, mashine iliyobeba kanzidata hiyo miaka kumi na moja katika chumba cha chini, ingezimwa jioni ya siku ya uhamisho na kuuzwa kama chuma chakavu. Walichagua Jumamosi mchana, ofisi ikiwa imefungwa. Kazi ya saa mbili tu. Mama Waya alimwachia mama yake kitoto chake cha miezi saba, akaahidi kurudi kabla hakijalilia ziwa.

Chumba kile hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na mlango mmoja wa chuma unaofunguka kwa kadi, rafu mbili za mashine, kiti kibovu na simu ya mezani, maana ya mkononi haikushika mtandao huko chini.

Kufikia saa nane na robo kila kitu kilikuwa kimevuka, isipokuwa rekodi moja. Ilikwama njiani, haiendi, hairudi. Kisha feni za seva zikanyamaza, na taa zake zikaendelea kuwaka. Mama Waya akainama kusikiliza. Alichosikia ni maji. Si ya bomba. Maji ya mbali, ya shimoni, na kitu kama ndoo inayogonga ukuta wa mawe ikiteremka. Harufu ya tope bichi ikampanda puani.

Akachukua kadi yake, akaenda mlangoni. Taa nyekundu. Akajaribu tena. Nyekundu.

"Shem, mlango haunitambui," alisema kwenye simu ya mezani.

"Hauwezi. Orodha ya wenye ruhusa bado iko safarini, mpaka hiyo ya mwisho ivuke."

"Sitisha basi."

Akamsikia akibonyeza, akibonyeza tena. "Inakataa. Huko je?"

"Nimeshajaribu."

Akauacha mkonga, akaupiga mlango kwa viganja mpaka akasikia ndala zikiteremka ngazi. Alikuwa Bi Ufagio, mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki ghorofa ya kwanza. Akamwita mlinzi. Mlinzi akaja na ufunguo wa akiba, akauzungusha, ukakatikia kwenye kitasa. Akaondoka mbio kutafuta fundi wa kuchomelea. Bi Ufagio akabaki, mdomo karibu na upenyo wa mlango.

"Mwanangu, huko ndani kunanuka nini?"

"Tope."

Bi Ufagio akanusa upenyo. "Ondoka karibu na hiyo mashine. Egemea huku kwangu."

Ofisini alijulikana kwa ndoo na tambara. Mtaani kwake watu walimbishia hodi kwa jambo jingine: aliwatoa pepo walioingia miilini mwa watu.

"Hapa palikuwa na kisima," alisema kwa sauti ya chini. "Walipojenga walikifukia bila kumwuliza aliyemo. Akapanda juu, akapata chombo chenye joto, akatulia. Miaka yote hii nafagia hapa, hajamgusa mtu. Leo mnamtoa bila hata notisi."

Mama Waya alitaka kucheka, lakini nyuma yake kile kiti kibovu kililia kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia, na hewa ikawa nzito na moto huku sakafu ikipoa chini ya nyayo zake, na maziwa yakaanza kumtoka yenyewe yakilowesha blauzi, na kwenye skrini, ambapo hapakuwa na mtu aliyegusa kibodi, herufi zikajipanga moja moja, polepole, kama za mtu anayejifunza kuandika: KULE NI KWA NANI.

Akamsomea Bi Ufagio.

"Usimjibu. Kule si kwako. Hawa hawavuki kizingiti cha mtu bila kukaribishwa na mwenyewe."

"Asipokaribishwa?"

"Atabaki alipo. Na wewe utabaki naye."

"Mfukuze, mama. Nakuomba."

"Nimfukuzie wapi? Kwake mmemwaga zege. Anayefukuzika ni mwenye pa kwenda."

Mkonga wa simu ulikuwa ukining'inia kwa waya wake. Mama Waya akauvuta. Shemeji alikuwa amesikia yote.

"Huku kuna mtu anabisha hodi," alisema.

"Mlango gani?"

"Si mlangoni. Ukutani."

"Usiseme neno, Shem. Fundi anakuja."

"Atafika saa ngapi?"

Wakati huo kitu cha baridi kilikuwa kimemshika Mama Waya kifundo cha mguu, hakimvuti, hakimwumizi, kimemshika tu kama mwenyeji asiyetaka mgeni wake aondoke anavyomshika mkono, na alijua kwa yakini kwamba kingeweza kumshika hivyo miaka kumi na moja mingine.

"Mtoto amenyonya?" Shemeji akauliza.

"Tangu alfajiri, bado. Shem, nisikilize. Usiseme."

Akamsikia akivuta pumzi. Kisha akasema, kwa adabu, kama anavyoambiwa mkwe: "Karibu ndani."

Mguu ukaachiwa. Mlango ukalia, taa ya kijani ikawaka.

Jioni ile Mama Waya alimnyonyesha mtoto wake. Shemeji hakurudi kwake usiku huo, wala kesho yake. Mume wa Mama Waya alimfuata, akarudi peke yake, akasema tu kwamba mdogo wake amekataa kutoka. Siku ya nane Mama Waya akaenda mwenyewe, pamoja na Bi Ufagio.

Walimkuta Shemeji amesimama ndani ya ukumbi wa jengo la seva, hatua mbili kutoka mlango wa kioo uliokuwa wazi. Amenyoa ndevu, amekonda.

"Toka twende nyumbani," Mama Waya alimwambia. "Mama anakulilia."

"Hajanifungia, shem. Mlango huo mnauona. Lakini nikitoka, atamfuata aliyekuja kunichukua. Ameniambia."

Mama Waya akamgeukia Bi Ufagio. Mama wa usafi alikuwa akitazama sakafu.

"Alikaribishwa," alisema. "Wa kukaribishwa simwezi."

Tangu hapo, kila Jumamosi Mama Waya huamka mapema, hupanda basi na kumpelekea Shemeji nguo safi na chakula cha wiki. Mlango wa kioo hufunguka wenyewe kabla hajaufikia, ukaachama, na ubaridi wa kisima ukamgusa miguu. Huweka kapu kizingitini, humwamkia kwa mbali, kisha hurudi kinyumenyume mpaka barabarani, bila kuupa mlango ule mgongo.